Bomba Lililoota Uwele

Msengi alipotoka stoo amelibeba begani, watu waliokaa uani walidhani ni springi za kitanda kibovu. Lilikuwa bomba la shaba lililokunjwa mizunguko juu ya mizunguko, limeingia ukijani wa uzee, na kwenye ncha moja bado lilikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kwa waya. Tulikuwa Kiomboi kumaliza msiba wa mama yake, na wanawake walikwishaanza kupika pombe ya kuondolea tanga. "Dada Salome," Msengi akaniambia, "mama alisema hili lisitupwe wala lisipewe watu wa vyuma chakavu. Lakini hakusema ni la nini, nasi tulikuwa tunaona haya kuuliza." Pembeni yangu kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye upara, tumesalimiana asubuhi kama wageni wawili wa msiba wanavyosalimiana. Alipoliona bomba aliinuka nusu, akakaa tena, akacheka peke yake. Kicheko hicho ningekitambua hata sokoni. Nikamgeukia, nikasema, "Shikamoo, kaka Zefania." Akanitazama kwa muda, macho yakihama kutoka kwangu kwenda kwenye bomba. "Marahaba," akasema. "Kumbe nawe umezeeka." Basi tukakaa pale wazee wawili, tukawa tunacheka msibani, na hakuna aliyetukemea kwa sababu Mama Msengi mwenyewe angekuwepo angecheka kutushinda.

Sitasimulia nilivyofika Kiomboi kutoka Mungaa wala nani alinileta, hayo ni maneno marefu na mengine hayanihusu hata mimi. Itoshe kusema nilikuwa binti niliyemaliza shule bila kuchaguliwa kuendelea, na Mama Msengi alikuwa mpika pombe aliyeanza kusumbuliwa na mgongo. Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa waliosafiri vilianza kuonekana dukani, mitumba ikamwagwa gulioni, na malori ya wanunuzi wa alizeti yakawa yanalala barabarani na madereva wake wanataka kunywa. Nyumba ya Mama Msengi ilikuwa ya tofali mbichi, vyumba vitatu kwenye mstari mmoja, na kuta zake hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila mtu alilala chumbani kwake lakini maneno yalilala pamoja. Chumba cha kwanza kilikuwa chake. Cha katikati nililala mimi na magunia ya mtama, na kona moja kulikuwa na kimea kinachoota chini ya magunia mabichi. Harufu ya kimea kinachoota ni tamu kidogo, ina ubichi wa shamba baada ya mvua, na mpaka leo nikiinusa popote najikuta nina miaka kumi na tisa na nina njaa. Chumba cha mwisho alipanga Zefania.

Zefania alikuwa fundi majokofu. Alifanya kazi mjini kwenye shirika moja mpaka wafanyakazi walipopunguzwa, akarudi kwao na sanduku la vifaa pamoja na bomba refu la shaba alilopewa siku ya kuagana, maana jokofu lake lilikuwa limekufa na shirika lenyewe lilikuwa linaelekea huko huko. Alilihifadhi chini ya kitanda likiwa limezungushwa duara pana, akingojea siku ambayo Kiomboi itakuwa na majokofu ya kutosha kumlisha fundi. Siku hiyo ilichelewa. Wakati akiingoja alikuwa anatengeneza baiskeli na redio, na jioni alikula kwetu kwa sababu ugali wake mwenyewe ulimshinda. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, siku nzuri na maziwa mgando, tukiwa tumekaa mkekani mlangoni kwa jikoni. Yeye alizungumza kwa Kiswahili cha mjini, Mama Msengi akamjibu kwa Kinyiramba, nami Mnyaturu nikiwa katikati, nikishika nusu ya maneno na kucheka kwa kufuata. Nilimpenda kidogo, nakubali. Yeye hakugundua, maana alikuwa mtu wa kugundua hitilafu za mashine tu.

Shida iliyotupata mwaka ule ilianzia kwenye pipa. Kwa miaka yote Mama Msengi alipika pombe ya mtama kwenye vyungu vya udongo, uji ukaiva, ukaachwa upoe, kisha ukatiwa kimea ili uchachuke vizuri. Chungu kinapoa upesi. Lakini wanywaji walipoongezeka, wapikaji wote wa kilabu cha pombe walihamia kwenye mapipa makubwa ya chuma yaliyokuja na mafuta, na pipa halipoi. Juu unaweza kuona limetulia, ukadhani tayari, kumbe katikati bado ni moto wa kuunguza. Ukitia kimea mapema, kimea kinakufa na unabaki na togwa lisilo na maana. Ukingoja sana, uji unaharibika wenyewe na kuingia uchungu wa ajabu. Wenzake walikuwa na mabinti wengi na ndoo nyingi, waliugawanya uji vyomboni ukapoa. Mama Msengi alikuwa na mimi, ndoo mbili na mgongo unaouma.

Kilabu kilikwenda kwa zamu. Kila mpikaji alikuwa na siku yake ya kuuza, na mwenye kupanga zamu alikuwa Mama Kitundu, mwanamke mnene, mpole wa sauti, ambaye sikuwahi kumwona akikimbilia jambo lolote. Sheria yake ilikuwa moja: ukileta pombe iliyoharibika unasamehewa, ukirudia ndani ya msimu huo huo, zamu yako anapewa mwingine. Mama Msengi alikuwa ameshasamehewa. Nilikuwepo siku ile. Wanaume walionja, wakatazamana, wakaweka vikombe chini kwa adabu, mmoja mmoja akakumbuka kwamba ana mtu wa kumwona, na wote tukawakuta baadaye kwenye baa mpya iliyofunguliwa barabarani wakinywa bia za chupa. Tulirudi nyumbani na pombe karibu yote. Usiku nilimsikia Mama Msengi ng'ambo ya ukuta akiulaumu mgongo wake kwa Kinyiramba, polepole, kama anayemsema mtoto. Sare ya Msengi aliyekuwa shule ya bweni ilitoka kwenye zamu ile, na sabuni, na bati la jikoni, na heshima yake pia. Asingekuwa na zamu angekuwa mwanamke mwenye mapipa tu.

Na pipa lilipimwa kwa kidole. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa. Mama Msengi alichovya kidole cha shahada ndani ya uji, akatulia, akatazama mbali. Alinieleza kwamba uji ukiwa wa moto kidole kinakataa, ukipoa mno kidole hakisikii kitu, lakini katikati kuna mahali kidole kinatulia humo kama mtu aliyefika kwao. Hapo ndipo anaposema, "Leteni kimea." Nami nilipewa kazi zote za nyumba ile, kusaga, kukoroga, kuchota maji, kukesha na kuni, isipokuwa hiyo. Kila nikiomba kupima alinijibu, "Kidole chako bado kina haraka." Nilijipima kwenye chai, kwenye maji ya kuoga, kwenye uji wa asubuhi, mpaka ncha ya kidole ikawa nyekundu. Bado kilikuwa na haraka.

Siku chache baada ya aibu ile ya kilabuni, Zefania alikuwa anakula kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akaweka tonge chini. "Mama," akasema, "kwenye jokofu tunapitisha kitu cha baridi ndani ya bomba, bomba linanyonya joto la nje. Tukilikunja bomba langu likaingia ndani ya pipa, tukapitisha maji ya baridi humo, uji utapoa toka katikati." Mama Msengi akamgeukia. "Bomba lako la kungojea majokofu?" "Hilo hilo." "Na majokofu yakija?" Zefania akaokota tonge lake. "Yakija yatanikuta nimeshiba," akasema. Nilimtazama nikaona anacheka, lakini macho yake yalikuwa yameangalia chumbani kwake, chini ya kitanda.

Bomba la shaba ukilikunja tupu linajibana na kuziba. Fundi hulijaza mchanga mkavu kwanza, akaziba ncha, ndipo akalikunja, kisha akaumwaga mchanga. Sasa ilikuwa masika, na hapakuwa na mchanga mkavu kwenye wilaya nzima, au ndivyo tulivyoona. Mama Msengi akaingia ndani akatoka na ungo wa uwele. "Hizi punje ni ndogo kuliko mchanga wako," akasema, "na ni kavu, nimezianika mwenyewe." Zefania akachota, akazimimina kiganjani, akakubali. Tukalijaza bomba uwele kwa faneli ya karatasi, mimi nikiligonga kwa mwiko punje zishuke, na tukalizungusha kwenye kinu cha kutwangia, taratibu, Zefania akivuta, mimi nikikumbatia kinu kisizunguke. Likatoka zuri mno. Mizunguko ilikaa sawasawa, na jua lilipolipiga, kuku walikimbia. Tukafungua ncha, uwele ukamwagika kidogo, kisha ukagoma. Punje zilizobaki zilikuwa zimebanana kwenye mikunjo. Tukatikisa, tukapuliza, tukagonga. Mama Msengi akasema kwa utulivu kabisa, "Mimineni maji, zitateremka." Tukamimina maji.

Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi. Pale uani tulikuwa wanawake wawili ambao kazi yetu ya kila wiki ilikuwa kuloweka nafaka ili ivimbe na kuota. Kama kuna watu Tanzania nzima waliopaswa kujua nafaka ikiloweshwa inafanya nini, ni sisi. Na hakuna aliyefumbua mdomo. Maji yaliingia kidogo, yakasimama, na Zefania akalitundika bomba chini ya paa akisema labda kesho zitakuwa zimelainika. Kesho yake zilikuwa zimevimba, bomba limeziba kana kwamba limemwagiwa saruji. Keshokutwa nilitoka asubuhi na mapema kuchochea moto, nikaona kwenye ncha ya bomba kuna kitu cheupe. Nikasogea. Vilikuwa vijimizizi na vichipukizi vidogo, vimetokeza mdomoni mwa bomba vikitafuta mwanga. Nikamwita mama. Alikuja akiwa amejishika kiuno, akainama, akatazama kwa makini kama anavyotazama kimea chake, akavuta kichipukizi kimoja, akakitafuna. "Kizuri," akasema. Kisha akaingia chumbani kwake, na kupitia juu ya ukuta nikamsikia anacheka, anacheka mpaka anaushikilia mgongo na kuulalamikia tena, na Zefania chumbani kwake naye akaanza, na mimi nikakaa chini kwenye magunia nikashindwa kuinuka.

Dawa ilikuwa kuuchemsha. Tulilizamisha bomba lote ndani ya pipa la maji, tukapuliza moto, ili uwele ulainike uwe uji. Zefania alifunga pampu ya baiskeli kwenye ncha moja kwa ule mpira na waya, ncha nyingine ikachungulia nje ya pipa. Bomba lilianza kutoa mvuke na kutema matone. Alipopampu, ugali mwembamba ulitoka kwenye ncha, mrefu, haukatiki, ukajikunja chini kama kamba, kisha ukafyatuka wote na kugonga ukuta wa jikoni. Kuku walimaliza kazi iliyobaki. Tulikuwa katika kupongezana nilipogeuka nikamwona jirani yetu, Mama Pendo, amesimama kwenye upenyo wa ua na kibakuli cha kuombea chumvi. Alikuwa anatazama pipa lililo motoni, bomba la shaba lililotoka humo, na mvuke. Hakuomba chumvi. Alirudi nyuma, akaondoka.

Msomaji wa mikoani atakuwa ameshaelewa. Pipa, moto na bomba la shaba kwenye nyumba ya mpika pombe maana yake ni gongo, pombe kali ya magendo, na gongo maana yake ni mgambo. Jioni ile ile walikuja wawili, Mama Kitundu mbele na mgambo nyuma yake na fimbo yake. Tuliwaamkia, tukawapa viti. Mgambo alikataa kukaa. "Hili ni la gongo," akasema akiligusa bomba kwa ncha ya fimbo. "Nimekamata mengi." Zefania alianza kueleza habari za joto na baridi, akaeleza vizuri sana, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mpika gongo mwenye elimu. Mgambo akamsikiliza mpaka mwisho. "Gongo inataka pipa, bomba na maji," akasema. "Hapa naona pipa, bomba na maji." Nilikuwa sijawahi kumwona Mama Msengi hivyo, mikono imelala mapajani, macho chini. Nikaogopa kweli. Nilijua kwamba bomba likichukuliwa, zamu nayo imekwenda, na hata kama haitakwenda kwa hilo, itakwenda wiki ijayo kwa pipa jingine la uji uliooza.

Mama Kitundu alikuwa ameinama, ananusa mdomo wa bomba. "Linanuka uwele," akasema. "Limeota uwele, mama," nikamjibu kabla sijaulizwa, na nikamsimulia yote, kinu, ungo, maji, vichipukizi. Hakucheka. Akanitazama, akamtazama Mama Msengi. "Wewe ndiye uliyesema wamimine maji?" "Mimi," akasema Mama Msengi. "Basi huyu hajui kupika gongo," Mama Kitundu akamwambia mgambo. "Huyu hata kimea amekisahau." Ndipo Mama Msengi akainua uso. Ikaamuliwa apike mchana, siku ya kupikia zamu yake, mbele yao wote wawili. Kikitoka chochote kwenye lile bomba zaidi ya maji, mgambo achukue bomba na zamu ipewe mwingine. Na uji usipopoa, zamu ipewe mwingine vile vile.

Siku hiyo tulipanga vile vyungu vya zamani uani. Vilikuwa vimekaa bila kazi tangu mapipa yaje, sasa tulivijaza maji toka jana yake, na maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Pipa lilishushwa kutoka kwenye moto uji ukitokota, bomba lililosuguliwa kwa majivu likazamishwa. Zefania akavuta maji kwa mdomo kutoka kwenye chungu kilichowekwa juu ya rundo la tofali, yakapita mizunguko yote, yakatokea upande wa pili kwenye ndoo. Mgambo alikuwa amekaa hapo hapo kando ya ndoo na kikombe chake mwenyewe. Akakinga. Akanusa. Akaonja, akakaa na yale maji mdomoni, akameza. Tukangoja. "Maji," akasema, na sijawahi kusikia mtu akilitaja neno hilo kwa huzuni hivyo. "Ya moto." Akakinga tena baadaye, na tena, nadhani akitumaini yatabadilika. Yale maji ya moto hatukuyamwaga, maji Kiomboi hayamwagwi, na jioni Mama Msengi aliyaogea mgongo wake kwa mara ya kwanza bila kuchoma kuni za kuogea.

Mimi nilikuwa nakoroga katikati ya mizunguko ya bomba, jasho linanitoka, uji unazunguka ukiligusa shaba. Mama Msengi aliinuka apime. Mama Kitundu akamzuia kwa mkono. "Wewe ndiye mwenye kesi," akasema, akasogea yeye mwenyewe, akapandisha khanga yake, akachovya kidole katikati kabisa ya pipa, pale panapokaa moto. Nikaacha kukoroga. Zefania akaacha kujaza chungu, bomba likavuta hewa. Mama Kitundu alitazama mbali, upande wa hospitali, hakukitoa kidole wala hakubadilisha uso, na nikamwona Mama Msengi akifunga macho. "Leteni kimea," Mama Kitundu akasema. Nilikimbia chumbani kwangu nikakwaa magunia nikaanguka, nikarudi na kapu lote badala ya kipimo.

Pombe ile ilinywewa yote. Madereva wa alizeti waliisifia, na wale waliokumbuka watu wa kuwaona mara ya kwanza hawakumkumbuka mtu yeyote. Mgambo alikuwa wa mwisho kuondoka. Kabla msimu haujaisha bomba lilikuwa linazunguka kwa wapikaji wengine kwa zamu, likipangwa na Mama Kitundu kama anavyopanga siku, na Zefania alikuwa analifuata kila nyumba kulifunga na kulifungua, akilishwa kila mahali, hayo yote Msengi akiwa bwenini. Huko ndiko alikompata mke, binti wa mpikaji mmoja aliyetoka Iguguno. Nilikula pilau la harusi yao vizuri tu. Mwisho wa mwaka nilipata kazi Singida mjini. Siku ya kuondoka Mama Msengi alikuwa na pipa linalopoa, nikamwomba kwa mara ya mwisho. Alikuwa analia kidogo, akajifuta kwa khanga. "Bado," akasema. "Nenda. Kitatulia."

Haya yote tulimsimulia Msengi pale msibani, mimi na Zefania tukinyang'anyana maneno, na mke wa Msengi akalichukua bomba bila kutuuliza zaidi, akalisugua kwa majivu na ukwaju mpaka likawaka. Mabinti wakaleta ndoo za maji. Zefania akafunga mpira mpya, fundo likashika, akavuta maji kwa mdomo, akakohoa, yakapita. Uji wa tanga ukazungushwa. Ilipofika wakati, mke wa Msengi akasimama na mwiko, akatazama huku na huku uani akimtafuta mama mkwe wake. Niliiona sura yake alipokumbuka. Zefania akanigusa kwa kiwiko, nikainuka.

Nilichovya kidole katikati ya pipa. Ulikuwa moto, na kidole changu kikataka kutoka upesi kama zamani. Nikakiacha. Nikatazama mbali, juu ya vichwa vya watu, mpaka kwenye bati la jikoni kwa Mama Msengi. Moto ukapungua kidogo kidogo, nami nikawa nimesahau kwamba napima kitu, na machozi yalikuwa yananishuka mbele ya watu wote, sikuyafuta kwa kuwa mkono ulikuwa na kazi.

"Leteni kimea," nikasema.